Miezi mitano nanunua chakula soko la Kalerwe, Kampala, badala ya duka la mtaani, haya ndo niliyoyaona

Wacha nianze na hesabu, maana wengine mtasoma hapo tu alafu muende zenu na si vibaya. Nyumbani tuko saba, mimi, baba watoto, watoto wanne na mama mkwe, tunakaa Mpererwe. Kabla ya hii miezi mitano nilikuwa natumia kama shilingi 25,000 za Uganda kila siku kwa chakula, natoka kazini jioni nimechoka napita dukani, unga kilo moja, maharage nusu, mafuta ya 500, nyanya fungu, kesho yake tena hivyo hivyo. Kila siku naona ni hela kidogo kumbe kwa mwezi ni 750,000. Sasa hivi nafika 602,000 na watoto wanakula vizuri kuliko zamani, mboga za majani kila siku na mayai. Hiyo 148,000 inayobaki kwetu ni fees za mtoto wa mwisho kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kwangu hili si jambo dogo ndo maana nimeamua kuandika kwa urefu.

Nilichogundua ni kwamba ile hela haikuwa inapotea kwa sababu sijui kubembeleza bei. Ilikuwa inapotea kwenye kununua kidogo kidogo. Siku moja nilikuwa na hasira kidogo nikasema leo napima, nikanunua vikaveera (vimifuko vya plastiki) kumi vya mafuta, vile vya 500, nikavimimina vyote kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Haikujaa! 5,000 imeenda na nusu lita haijafika, maana yake lita moja nainunua zaidi ya 10,000, wakati mjini ukinunua dumu unapata lita kwa 6,500. Na simlaumu mwenye duka, yeye naye analipa kodi ya chumba na anakukopesha mwezi ukiwa mbaya, lakini ile nusu lita iliniumiza sana. Nilikaa jikoni nikaiangalia ile chupa.

Sasa Kalerwe yenyewe. Kwa wasioijua, iko upande wa Kawempe Division, pale barabara ya Gayaza inapokutana na Northern Bypass, ukitoka Mulago au Wandegeya ni karibu tu. Mimi taksi kutoka Mpererwe nalipa 1,000 kwenda, kurudi na mzigo napanda boda au tunachanga watu wawili watatu, kwa hiyo usafiri wangu wa wiki naweka 8,000 na hiyo imo ndani ya hesabu. Watu wengi wakihesabu wanasahau usafiri alafu wanajidanganya. Kama unatoka mbali kama Mukono au Entebbe kwa ajili ya nyanya na matoke ya wiki moja tu, usije, tafuta soko kubwa la karibu yako, kila upande kuna moja.

Saa ya kwenda ndo kila kitu. Malori ya matoke yanaingia usiku kutoka Mbarara, Isingiro, Bushenyi huko, na ukifika saa kumi na mbili asubuhi bado wanashusha, unachagua mkungu mwenyewe kabla wachuuzi wa mtaani kwako hawajauchukua. Maana ndo ukweli wenyewe, yule mama anayekuuzia matoke pale stage ya kwenu naye ameyatoa hapa alfajiri, akalipa mbebaji, akalipa boda, akaongeza na faida ya watoto wake, na hiyo yote unailipa wewe. Ukifika saa nne jua limetoka, bei imeshapanda na mikungu mizuri imeenda. Saa nyingine nzuri ni jioni kama saa kumi na mbili, hapo vitu vinavyoharibika, nyanya, mboga za majani kama dodo na nakati, ndizi za kuiva, wanakupa kwa bei ya kuvimaliza kwa sababu hawataki kulala navyo. Lakini jioni usinunue matoke, yale yaliyobaki yameshikwa shikwa na kila mtu.

Mkungu mimi nauchagua hivi, naangalia ndizi za katikati, ziwe zimejaa, kona zake zisiwe kali sana, kikonyo kilichokatwa kiwe bado kibichi kinatoa maji. Mkungu mkubwa wenye vidole vyembamba ni maganda tu, utamenya mpaka uchoke alafu sufuria haijai. Wa 25,000 unatutosha siku nne kwa mlo wa usiku nikichanganya na posho (ugali) siku nyingine. Bei inabadilika sana lakini, kuna miezi unaupata huo huo kwa 15,000 na kuna miezi hata 35,000 wanakukatalia, na ikipanda hivyo mimi siandiki matoke kwenye karatasi ya manunuzi, nahamia viazi vitamu na mihogo mpaka ishuke. Mama mkwe mwanzo alilalamika, yeye ni mtu wa Masaka na chakula kwake ni matoke, vingine vyote anaviita vya kuonja. Nilimwonyesha hesabu taratibu, nikamwambia mama, hii tofauti ni daftari za wajukuu wako, akanyamaza alafu siku ya pili akaniuliza mwenyewe viazi viko?

Maganda usitupe. Jirani yangu anafuga mbuzi, nampelekea, yeye ananipa mbolea, na hiyo mbolea ndo imeweka sukuma wiki kwenye magunia manne nyuma ya nyumba.

Vitu vingine vya Kalerwe kwa wiki viko hivi: binyebwa (karanga) kilo 7,000, mukene (dagaa) 6,000, nyanya na vitunguu 12,000, viazi vitamu 5,000, mboga za majani 5,000, kabichi mbili 3,000, parachichi na ndizi za watoto 5,000, trei ya mayai 12,000. Ukijumlisha na mkungu ni 80,000. Hizi ni bei nilizolipa mimi, wewe unaweza kukuta juu au chini, msinishike nazo.

Mukene niongee kidogo maana ndo imetuokoa upande wa nyama. Nyama ya ng'ombe kilo niliyolipa mara ya mwisho ni 16,000, inakatwa katwa kwa watu saba inaisha mlo mmoja. Mukene ya 6,000, wanapima kwa tumpeco, kile kikombe kikubwa cha plastiki, inapika milo mitatu ukiiweka kwenye supu ya binyebwa. Lakini kuna mukene na mukene. Ile iliyoanikwa chini kwenye mchanga ni ya kuku, hata ukiiosha mara tano utatafuna mchanga. Ya watu inaanikwa juu ya nyavu au vichanja, inang'aa rangi ya fedha, haina harufu ya kuoza, ukiishika inavunjika kavu. Muulize muuzaji wazi, hii ya kuku au ya kula? Hawakasiriki, wanakuonyesha. Nyumbani naikaanga kavu kidogo kwanza, natoa vichwa kwa ajili ya wadogo, mifupa wanatafuna yote na hiyo ndo calcium yenyewe, huhitaji kununua vitu vya kopo.

Binyebwa, sagisha mbele ya macho yako. Usinunue iliyosagwa tayari kwa sababu huwezi kujua kimechanganywa nini ndani, wengine wanaweka unga wa mahindi. Na kabla hawajasaga mwaga kwenye ungo uangalie, punje zilizokunjamana, nyeusi au zenye ukungu toa zote. Hii si usafi tu. Ile sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haitoki kwa kupika, na kwa muda mrefu inaharibu ini. Mnakumbuka Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa muda kwa ajili ya hiyo sumu, sasa kama wao wanaikataa mpakani kwa nini sisi tuilishe watoto ili tuokoe 1,000. Hapo mimi sipunguzi bei hata siku moja, nalipa karanga nzuri.

Kuhusu lugha na kubembeleza. Mimi nimekulia Bombo, Kiswahili ndo lugha ya nyumbani, Luganda yangu ni ya sokoni. Watu waliniambia ukiongea Kiswahili Kampala watakupandishia bei watadhani wewe ni mgeni au mtu wa jeshi. Mimi sijaona hivyo. Nasalimia kwa Luganda vizuri, nnyabo (mama), ssebo (bwana), mtu mzima namwita jajja, naulizia watoto, alafu hesabu tunafanya kwa mchanganyiko, na vijana wanaoshusha matoke wengi Kiswahili wanakijua kuliko unavyofikiria. Kinachoshusha bei ni kurudi kwa mtu yule yule. Mwezi wa kwanza nilikuwa natembea soko zima kutafuta fungu la bei rahisi, nachoka, napoteza saa mbili. Sasa nina dada yangu wa nyanya, mama wa majani, na mzee mmoja wa viazi, wananiita kastoma, sipunguzi bei nao lakini nyongeza wananiwekea bila kuomba, nyanya tatu juu, kitunguu, kashada la nakati. Hizo nyongeza kwa mwezi ni mboga ya siku mbili nzima. Na siku mzigo ni mbaya ananiambia leo usichukue hizi, nenda kwa yule pale. Hicho huwezi kukipata kwa kubishana.

Upande wa kupima, angalieni mizani. Hapa simtaji mtu wala soko, lakini niliwahi kununua kilo tano za kitu nikafika nyumbani nikapima kwa mzani wa jirani anayeuza mandazi nikakuta nne na kidogo. Toka siku hiyo natembea na pakiti ya chumvi ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, nikiwa na wasiwasi namuomba muuzaji aiweke kwenye mzani wake kwanza. Wa kweli anaiweka anacheka. Anayegoma naaga kwa heshima. Na mzani wenyewe unatakiwa uwe na muhuri wa UNBS, shirika la viwango la Uganda, utafute.

Kitu cha kujua ni maji. Kalerwe iko bondeni na mfereji wa Nsooba unapita upande ule, kwa hiyo mvua za Machi mpaka Mei na zile za Septemba mpaka Novemba, vaa gambuti, na usibebe mtoto. Simu weka ndani kabisa ya nguo, hela ya kila kitu igawe mifuko tofauti kabla hujatoka nyumbani ili usifungue pochi yote mbele za watu. Na beba magunia yako au kikapu, kaveera zinachanika na kila moja unalipia.

Sasa, makosa watu wanayofanya, wanataka kununua kila kitu Kalerwe. Mimi vitu vikavu nilijaribu huko nikaona havishuki sana ukilinganisha na Kikuubo, kwa hiyo mara moja kwa mwezi tunanunua mjini Kikuubo, kile kinjia chembamba karibu na taxi park ya zamani, pale ndo maduka ya mitaani yenyewe yananunua. Ila Kikuubo wanataka ununue kwa gunia, kwa katoni, kwa dumu, na familia moja ya mshahara wa kawaida haiwezi. Jibu letu lilikuwa ni majirani. Tuko nyumba tatu, mimi, mama wa mandazi, na mama mmoja mjane ambaye ana watoto wengi kuliko sisi. Mchele gunia la kilo 25 kwa 100,000, sisi wawili tunachukua nane nane, yeye tisa. Mafuta dumu la lita kumi 65,000, tatu, tatu, nne. Maharage kilo 50 kwa 170,000, kumi na tano, kumi na tano, ishirini. Unga kila mtu ananunua gunia lake dogo la kilo 25, mimi nalipa 55,000 ambayo ni 2,200 kwa kilo, dukani kwetu ni 2,800. Nikiweka na sukari kilo sita, sabuni, chumvi na majani ya chai, sehemu yangu yote inakuwa 190,000. Alafu nabakiza 60,000 ya nyama na vitu vidogo vya katikati ya mwezi.

Mwanzo ilitaka kuvunjika. Mwezi wa pili mmoja wetu hakuwa na hela siku ya kwenda, wengine tukamlipia, akachelewa kurudisha wiki tatu, tukaanza kusalimiana kwa shida. Tulikaa chini tukaongea kwa uwazi, tukakubaliana hela inatumwa kwa mobile money kabla ya Alhamisi jioni, ambaye hajatuma mwezi huo hayumo na hakuna kununiana. Na tunagawana mbele ya wote watatu, kwa mzani, siku hiyo hiyo, hakuna kusema nitakuletea kesho. Toka hapo hakuna shida hata moja. Nawaambia hili kwa sababu wengi wanaanza hii kitu ya kununua pamoja inakufa mwezi wa pili, na haifi kwa sababu ya bei.

Unga sasa. Nyumbani tulikuwa tunakula namba wani, ule mweupe kabisa, kwa sababu ndo unaonekana wa watu wenye heshima zao. Namba 2 watu wanauita wa shule na wa jela. Lakini ule mweupe umekuwa mweupe kwa sababu wametoa pumba na kiini, na huko ndo kuna chakula chenyewe. Sasa nachanganya nusu kwa nusu, watoto hawajaona tofauti, uji wa mama mkwe unapikwa na namba 2 mtupu na anashiba mpaka saa saba. Onyo moja tu, namba 2 haikai muda mrefu, ina mafuta ya kile kiini inachacha, ununue wa mwezi mmoja tu.

Na kuna tatizo ambalo mtu hakuambii, kitu kikiwa kingi ndani kinaliwa kingi. Mwezi wa kwanza sukari kilo sita ziliisha siku kumi na saba! Nilidhani kuna mtu anaiba, kumbe ni kila mtu anaongeza kijiko kwa sababu anaona debe limejaa. Sasa gunia na dumu vinakaa chumbani kwangu vimefungwa, kila Jumapili natoa ya wiki naweka kwenye makopo ya jikoni, kopo likiisha limeisha mpaka Jumapili. Mafuta napima kwa kijiko kikubwa, simimini tena kutoka kwenye chupa. Hapo bila kudanganya ndo nusu ya ile 148,000 ilipo. Ukinunua jumla bila kupima ndani, afadhali ubaki na vikaveera vyako.

Maharage nayaanika jua siku moja nikiyaleta, yakipoa nayajaza kwenye jerikeni kavu mpaka juu kabisa nafunga kwa nguvu, wadudu wakikosa hewa wanakufa, sihitaji dawa yoyote. Na kila usiku kabla ya siku ya maharage nayaloweka. Hii inahusu hela pia, kwa sababu makaa Kampala yamekuwa ghali, na toka ile amri ya Mei 2023 ya kuzuia biashara ya makaa kutoka kaskazini mwa nchi, gunia halijawahi kurudi bei tuliyoizoea. Maharage makavu yalikuwa yanakaa kwenye sigiri (jiko la makaa) karibu masaa matatu, yaliyolowekwa lisaa limoja na nusu. Napika ya siku mbili kwa mara moja, ya kesho naunga asubuhi.

Wakati wa kununua pia uangaliwe. Maharage mavuno yakitoka, Juni na Julai, alafu tena Desemba na Januari, bei inashuka, hapo kama una akiba kidogo nunua ya miezi mitatu. Sisi Waislamu tunajua Ramadhani ikikaribia sukari na viazi vinapanda, mama yangu Bombo alikuwa ananunua vya Ramadhani tangu Rajabu, nilikuwa namwona kama anahangaika bure, leo nafanya yeye alivyofanya.

Nyota? Kalerwe naipa nne kwa tano, kwa vitu vibichi na kwa watu wake, hiyo moja nimeitoa kwa ajili ya matope na kwamba mtu mwenye mtoto mchanga au mwenye miguu mibovu hawezi. Kikuubo kwa vikavu naipa nne pia mradi uwe na wenzako, ukiwa peke yako naipa mbili. Duka la mtaani bado naenda, kwa mkate, kiberiti, na siku mgeni amekuja ghafla usiku, na naendelea kumsalimia mwenye duka vizuri kwa sababu mwezi wa homa ya mtoto ni yeye alinikopesha.

Aliyeniuliza kama inawezekana ukiwa kazini mpaka Jumamosi, ndio, mimi mwenyewe niko kazini mpaka Jumamosi mchana. Kalerwe naenda Jumapili alfajiri baada ya swala, saa mbili na nusu niko nyumbani namenya. Kikuubo anaenda mama wa mandazi siku za katikati maana yeye anamaliza kazi yake saa tatu asubuhi, sisi wengine tunamlipia taksi na chai. Mwezi ujao kuna nyumba ya nne inataka kuingia, wako wawili tu, tunafikiria tuwape nafasi ya kilo kumi za maharage na tuone itaendaje.